Uliza Tukujibu: Ziwa la Geneva, historia yake iko wapi?

Barua za safari hii nyingi zimeangukia sehemu moja, Ziwa la Geneva, ambalo wenyeji wanaliita Léman, kule Uswisi upande wanakoongea Kifaransa chini ya milima ya Alps. Naelewa kwanini, watu wetu wengi wanaenda Geneva kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa, ya WHO ya afya, ya ILO ya kazi, wengine wako Lausanne wanasoma, na wakishafika wanapiga picha mbele ya zile bendera na ule mrusho mkubwa wa maji alafu basi, wanarudi nyumbani. Mi linaniuma hilo, maana ziwa lina urefu wa kama kilomita 73 na kingo zake zote zimejaa mambo ya kale, na kwa maoni yangu kitu bora kuliko vyote hakipo Geneva kabisa, kiko mwisho wa pili wa ziwa. Haya, tuingie kwenye maswali.

Nakuja Geneva kwa mkutano, unaisha Ijumaa na ndege yangu ni Jumapili asubuhi, kwa hiyo nina Jumamosi moja tu. Niende wapi nione historia kweli na sio maduka ya saa?
*Afisa afya, Dodoma*

Ndugu yangu, usibaki Geneva. Amka mapema, panda treni ya kwenda Montreux, ni kama saa moja hivi, na ukae upande wa kulia maana ziwa lote litakuwa dirishani kwako mpaka unafika. Ukishuka Montreux usichukue basi, shuka mpaka ufukweni ushike njia ya waenda kwa miguu, ni bustani na maua mwanzo mwisho, mwendo wa kama saa moja usipokimbia, na utaanza kuiona ngome ya Chillon kwa mbali imekaa juu ya mwamba wake ndani ya maji kabisa, nyuma yake mlima.

Chillon ndo jibu langu kwa kila mtu mwenye siku moja. Watawala wa Savoy, ukoo uliokuwa unatawala pande hizi zamani, walikuwa wameshaishika tangu karne ya 12, na sababu ya kuiweka pale utaielewa ukisimama tu nje ukaangalia: mlima unashuka karibu kabisa na maji, njia inayobaki ni nyembamba, na njia hiyo ndo waliyokuwa wanapita wafanyabiashara wa kutoka Italia kupitia mlimani Great St Bernard kwenda kaskazini. Mwenye ngome ndo mwenye njia, na mwenye njia anatoza ushuru. Upande unaotazama nchi kavu ni kuta na minara na matundu ya kurushia mishale, upande unaotazama ziwa ni madirisha mazuri ya vyumba vya mabwana, yaani jengo hilohilo lina sura mbili.

Ndani kuna majengo kama 25 yaliyobanana kuzunguka nyua, na kuna chumba cha kulala cha bwana mkubwa chenye michoro ya wanyama ukutani tangu karne ya 14. Ila sehemu ambayo watu wananyamaza wenyewe ni kule chini. Unashuka unakuta vyumba vya mawe vyenye nguzo na matao kama kanisa, upande mmoja ukuta ni mwamba wenyewe wa asili haujachongwa, na hapo ndo alifungwa François Bonivard kuanzia 1530. Huyu alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa pale Geneva, akaunga mkono mji wake ujitoe mikononi mwa Savoy, wakamkamata wakamleta hapa, na miaka yake ya mwisho minne alifungwa mnyororo kwenye nguzo mpaka jeshi la mji wa Bern lilipoiteka ngome mwaka 1536 likamtoa. Mwaka 1816 mshairi Mwingereza Byron alipita hapo akaisikia habari hiyo, akaandika shairi refu lililoifanya Chillon ijulikane Ulaya nzima, na kwenye nguzo mojawapo kuna jina lake limechongwa, inasemekana kwa mkono wake mwenyewe, leo limewekewa kioo.

Kitu kingine naomba usikipite haraka. Mwaka 1348, tauni ilipokuwa inaua watu Ulaya, Wayahudi wa eneo hilo walisingiziwa kwamba wametia sumu visimani, wakaletwa Chillon wakateswa mpaka wakakiri jambo ambalo hawakulifanya, na baada ya hapo wengi walichomwa moto. Maneno yaliyotolewa kwa mateso pale yalipelekwa kwa barua miji mingine na yakatumika kuua Wayahudi huko pia. Ukiwa unafurahia uzuri wa ngome, na hili ni sehemu yake.

Tenga masaa mawili ya ndani, yakizidi sawa. Inafunguliwa karibu mwaka mzima, inafungwa siku ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Mi ni Mzanzibari, nimesikia kuna sanamu ya Freddie Mercury huko Uswisi. Ni kweli? Na kwanini huko na sio kwetu au London?
*Msomaji wa Malindi, Unguja*

Kweli kabisa, na iko Montreux, kwa hiyo unaweza kuiunganisha na Chillon siku hiyohiyo. Iko uwanja wa sokoni, Place du Marché, ufukweni, kaelekea ziwani mkono mmoja juu na maiki mkono wa pili, shaba, urefu kama mita 3. Ilizinduliwa tarehe 25 Novemba 1996, miaka mitano na siku moja baada ya yeye kufariki, na watu wanaacha maua miguuni pake mpaka leo.

Mzanzibari mwenzio huyu alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali ya Waingereza, na baada ya mapinduzi ya 1964 wakahamia Uingereza. Sasa Montreux imeingiaje: mwaka 1978 kundi lake la muziki la Queen lilikuja kurekodi albamu kwenye studio iliyokuwa ndani ya kasino ya mji, wakaipenda, mwaka uliofuata wakainunua. Mwanzoni Freddie mwenyewe aliona pale pamepoa mno, hamna vurugu aliyoizoea, lakini miaka ya mwisho akiwa mgonjwa utulivu huohuo ndo aliokuwa anautafuta, akawa anakuja kurekodi mbali na waandishi wa magazeti waliokuwa wanamwinda London, na humo ndo alirekodi sauti zake za mwisho mwaka 1991. Mji ulimwacha atembee kwa amani. Kwa hilo peke yake mi nauheshimu.

Studio ile imegeuzwa makumbusho madogo, kuingia ni bure na ukitaka unachangia mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaopambana na ukimwi. Kabla ya kwenda angalia tovuti yao kama wako wazi, maana jengo la kasino huwa na matengenezo. Unaingia mpaka chumba cha mitambo alichokuwa anakaa fundi sauti, na mahali aliposimama Freddie kuimba pamewekewa alama sakafuni. Mtu aliyetoka Mji Mkongwe akisimama pale, ni kitu kikubwa, na natamani Wazanzibari wengi zaidi wangefika.

Nasoma Lausanne, pesa ni ya mawazo, kila kitu faranga. Kuna vya kihistoria vya bure au vya bei nafuu?
*Mwanafunzi kutoka Kisumu*

Wewe umekaa juu ya hazina na hujui! Kanisa kuu la Lausanne kuingia ni bure, mnara tu ndo unalipia kidogo. Ujenzi ulianza karne ya 12 na likawekwa wakfu mwaka 1275 na Papa Gregory wa 10 mwenyewe, na mfalme Rudolf wa Habsburg alikuwepo. Angalia lile dirisha la duara la vioo vya rangi upande wa kusini, na chini yake mlango wenye sanamu ambazo mpaka leo zina mabaki ya rangi zake za zamani, maana makanisa yale ya kale tunayoyaona ya kijivu yalikuwa yamepakwa rangi kali, na hapo ni mahali pachache pa kuona hivyo kwa macho.

Sasa rudi usiku. Kila siku kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, kila saa inapogonga, mlinzi wa mnara anatoka kwenye kibaraza, anageukia pande zote nne za mji na kupaza sauti kutangaza kwamba yeye ndo mlinzi na saa imegonga ngapi. Kazi hiyo inatajwa tangu 1405, mwaka ambao moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji, na nyumba zilikuwa za mbao kwa hiyo mtu wa kukesha juu akiangalia moshi alikuwa ndo zimamoto yenyewe. Leo zimamoto wapo na simu zipo, lakini Lausanne imekataa kuiacha, na mwaka 2021 wakaajiri mwanamke wa kwanza kwenye nafasi hiyo. Kaa uwanjani chini ya mnara dakika chache kabla ya saa nne, hulipi kitu. Ukitaka njia nzuri ya kupanda kutoka mjini pita zile ngazi za mbao zenye paa, Escaliers du Marché, nazo ni za zamani sana.

Kwingine kwa bure au karibu na bure: Nyon, kule magharibi, kuna nguzo tatu za Kirumi zimesimama juu ya ziwa, masalia ya koloni alilolianzisha Julius Caesar kama miaka 45 kabla ya Kristo kwa ajili ya askari wake wastaafu wa farasi. Na shamba za mizabibu za Lavaux, kati ya Lausanne na Vevey, unatembea tu hamna geti. Najua kuna wasomaji wasiotumia pombe wanaoniuliza kama Lavaux inawahusu, inawahusu sana, kinachotazamwa pale ni kuta. Watawa waliingia mteremko ule karne ya 11 na 12 wakaanza kuujenga matuta ya mawe, na vizazi vikaendelea mpaka mlima mzima ukawa ngazi, kama hekta 800, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2007. Wakulima wa pale wanasema wana majua matatu, la angani, la kwenye maji linaloakisi, na la kwenye mawe yanayotunza joto mpaka usiku. Shuka treni Saint-Saphorin, tembea kuelekea Lutry, kilomita kama 11, ukichoka kila kijiji karibu kina stesheni.

Beba chupa ya maji, chemchemi za mitaani zinanyweka isipokuwa zilizoandikwa vingine.

Mwanangu anafanya kazi Geneva kanialika nimtembelee. Nilifundisha historia sekondari kwa muda mrefu. Katika mji wenyewe nianzie wapi?
*Mwalimu mstaafu, Tabora*

Shikamoo mwalimu. Kwako wewe nabadilisha ushauri wangu, wewe kaa Geneva siku mbili tatu kabla ya kwenda Chillon, maana nusu ya silabasi uliyoifundisha iko pale.

Anza mji wa juu. Kanisa kuu la Saint-Pierre lilikuwa la Wakatoliki mpaka 1536, ndo Geneva ikaingia kwenye Matengenezo ya Kanisa, yaliyozaa Uprotestanti, na kiti kinachosemwa ni cha Jean Calvin, mhubiri aliyeyaongoza hapo, bado kimo ndani. Chini ya sakafu kuna machimbo ya akiolojia unayaingia kwa tiketi, unatembea juu ya madaraja ya chuma ukiona misingi ya makanisa ya karne ya 4 na ya majengo yaliyotangulia. Kisha shuka bustani ya Bastions kwenye ukuta wa Matengenezo, urefu kama mita 100, ulianza kujengwa 1909, na katikati wamesimama wanne, Farel, Calvin, Bèze na John Knox. Huyo Knox alikaa Geneva ukimbizini akarudi Scotland na mafundisho yale, na kutoka kanisa la Scotland ndo walitoka wamisionari walioanzisha Presbyterian ya Kenya, kwa hiyo muumini wa PCEA wa Kikuyu au Tumutumu akisimama mbele ya ukuta ule anaangalia mzizi wa kanisa lake.

Hatua chache kutoka kanisa kuu kuna jumba la mji, Hôtel de Ville, na ndani yake chumba kinachoitwa cha Alabama. Humo ndo ulisainiwa Mkataba wa kwanza wa Geneva tarehe 22 Agosti 1864 wa kulinda majeruhi wa vita. Henry Dunant, mfanyabiashara wa mji huo, alikuta uwanja wa vita wa Solferino, kule Italia, mwaka 1859 umejaa majeruhi wasio na wa kuwahudumia, akarudi na wazo, mwaka 1863 kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu ikaundwa. Makumbusho ya Msalaba Mwekundu yako upande wa pili wa mji karibu na Umoja wa Mataifa, na mwalimu nakuomba utenge muda kwa zile kadi, mamilioni ya kadi za wafungwa wa vita vya kwanza vya dunia, ziliandikwa moja moja ili familia zijue mtu wao yuko wapi. Mi kati ya vyote vya Geneva hicho ndo kilichonigusa zaidi.

Jumba la Palais des Nations lilijengwa kati ya 1929 na 1938 kwa ajili ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Juni 1936, mafundi wakiwa bado hawajalimaliza, Haile Selassie alisimama mbele ya baraza la Shirikisho hapo Geneva, akaongea kwa Kiamhari kuhusu gesi ya sumu ambayo Italia iliwamwagia watu wake, waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi, na mataifa yakamsikiliza na siku chache baadae yakaondoa vikwazo dhidi ya Italia. Umefundisha kushindwa kwa Shirikisho mara ngapi darasani, sasa mji ni huo. Kuingia Palais lazima bukingi mapema na pasipoti mkononi, ziara hasa ni siku za kazi. Nje kuna Kiti Kilichovunjika, mita 12, mguu mmoja umekatika, kiliwekwa 1997 kupinga mabomu ya kutegwa ardhini.

Na ule mrusho wa maji, Jet d'Eau, nao una historia usiudharau. Mwaka 1886 kulikuwa na mtambo wa maji wa kuendesha mashine za viwanda vya mji, jioni mafundi wakizima mashine zao presha inapanda ghafla, wakafungua tundu maji yaruke juu kuipunguza. Watu wakapenda, 1891 ukahamishiwa ziwani kama pambo. Leo unafika mita 140, na upepo ukiwa mkali wanauzima.

Mwambie mwanao kama utalala hotelini uulize kadi ya usafiri, wageni wa hoteli na hosteli za Geneva wanapewa bure, mabasi, tramu na vile vivuko vidogo vya manjano vyote humo.

Viza yangu ni ya Schengen ya kuingia mara moja. Nikivuka ziwa kwenda upande wa Ufaransa nitaweza kurudi Uswisi?
*Msomaji wa Bujumbura*

Utarudi, Uswisi na Ufaransa zote zimo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kuvuka ziwa hakuhesabiki kama kutoka. Ila pasipoti itembee na wewe, ukaguzi unaweza kutokea. Kutoka Nyon meli inakupeleka Yvoire kama dakika 20, kijiji cha mawe chenye kuta na malango ya karne ya 14, ngome yake ni ya watu binafsi huingii lakini kijiji chenyewe kinatosha, kiangazi kinajaa mno nenda asubuhi.

Kutoka Lausanne kuna meli ya Evian, dakika 35 hivi. Wengi wanaijua kwa maji ya chupa, mi nataka Mwafrika aijue kwa tarehe 18 Machi 1962, siku Ufaransa na wapigania uhuru wa Algeria wa FLN waliposaini makubaliano yaliyomaliza vita ya zaidi ya miaka saba. Ujumbe wa Algeria ulikuwa unalala upande wa Uswisi kwa usalama na kuvushwa ziwa kwenda mezani. Meya wa Evian, Camille Blanc, aliuawa kwa bomu mwaka mmoja kabla, 31 Machi 1961, kwa sababu mji wake ulikubali kupokea mazungumzo. Safari yako ya dakika 35 ni ya maji yaleyale.

Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 10, makumbusho yanawachosha. Tufanyeje?
*Mama wa Mombasa*

Wapeleke kwa meli, dada. Kuna meli nane za zamani zilizojengwa kati ya 1904 na 1927, zina magurudumu makubwa ubavuni yanayopiga maji, tano bado za mvuke kweli, na katikati ya meli kuna uwazi unaona mtambo wote unavyofanya kazi, vyuma vinang'aa vinapanda na kushuka, watoto hawabanduki hapo. Meli zenyewe ni urithi wa kihistoria, jimbo la Vaud lilizitambua rasmi hivyo mwaka 2011. Tafuta inayoitwa La Suisse, ya 1910.

Shukeni Vevey, kuna uma mkubwa wa chuma umechomekwa ndani ya ziwa na sanamu ya Charlie Chaplin karibu yake. Juu kidogo ya mji ndo nyumba aliyoishi Chaplin kuanzia 1953 mpaka kufa kwake Krismasi ya 1977, tangu 2016 ni makumbusho ya kucheza zaidi kuliko ya kusoma vibao. Kisha Chillon, hapo waache watafute vyoo vya kale, ni ubao wenye tundu na chini kabisa ziwa.

Mkinunua Swiss Travel Pass meli, treni na Chillon vyote vimo, na mwombe hapohapo kadi ya familia, watoto wa miaka 6 mpaka 15 wanasafiri bure na mzazi. Ratiba za meli zinabadilika kila msimu na baridi zinapungua sana, kwa hiyo nendeni kati ya Mei na Septemba, na muangalie saa ya meli ya kurudi kabla hamjapanda ya kwenda.